Tupeane uzoefu: wewe na wakala wa ajira mlianzaje, mkaishia wapi?

Wakuu, habari za humu. Nimerudi kutafuta kazi baada ya miaka sita ofisi moja, na safari hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukutana na mawakala wa ajira. Nianze na langu.

Wa kwanza alinipigia mwenyewe, maneno matamu, nikamtumia CV usiku uleule. Wiki iliyofuata akanipigia mwingine na nafasi inayofanana. Hakutaja kampuni, nami sikuuliza, nikatuma tena. Kumbe mwajiri ni yuleyule! CV yangu ikamfikia mara mbili kwa mikono miwili, akaniweka pembeni, maana akinichukua mawakala watagombania nani alipwe. Haya niliyajua kwa yule wa pili, aliyenipigia amefura kana kwamba nimemwibia. Sasa nina daftari: tarehe, wakala, kampuni, nafasi. Asiyetaja kampuni haondoki na CV yangu.

Nyie yaliwakuta yapi?

Mdau 1
Mimi nililipa. Ada ya usajili kwanza, kisha ya vipimo vya afya, kisha ya "kuharakisha faili". Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Naona aibu hata kuandika, lakini basi.

Mdau 2
Pole sana mkuu. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Una vighairi vyake, na si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo angalia sheria ya ulipo. Mimi nikisikia tu neno "ada" nakata simu.

Mdau 3
Nilifanya kazi hiyo miaka minne, niwape ya upande wa pili wa meza. Wakala analipwa na mwajiri, mara nyingi kwa asilimia ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza, na wengi hawaoni hata senti mpaka mtu aajiriwe. Nafasi moja wanaikimbilia mawakala watatu. Ndiyo maana mkikosa tunakula jiwe. Si roho mbaya (sawa, wakati mwingine ni uvivu), ila nilikuwa na nafasi kumi na tano mkononi na aliyekwisha kukataliwa hakuwa tena kwenye hesabu yangu. Aliyenitumia ujumbe mfupi kila baada ya wiki mbili nilimkumbuka nafasi ilipokuja. Aliyepiga kila siku niliiacha simu iite.

Jingine: kuna muda wa dhamana, mara nyingi miezi mitatu hivi. Ukiacha kazi kabla haujaisha, wakala anatafuta mbadala bure au anarudisha sehemu ya malipo. Kwa hiyo akikuuliza "vipi, umeshazoea?" ujue anaulizia pia fedha yake.

Mdau 4
Mdau 3 umenifumbua macho, nilidhani yule dada ananijali 😂

Langu ni la mshahara. Wakala aliniuliza nalipwa kiasi gani, nikataja bila kufikiri, na ofa ikaja juu kidogo tu ya hapo. Mara ya pili nikamrudishia swali: mwajiri ametenga kiasi gani? Akataja. Kilizidi nilichokuwa nimejipanga kuomba, nikashukuru nilikuwa nimefunga mdomo.

Mdau 3
Na usidhani atakupigania mpaka mwisho kwa sababu analipwa kwa asilimia. Mshahara wako ukipanda kidogo, kwake ni chenji. Dili likivunjika amekosa chote. Atakushauri ukubali.

Mdau 5
Wangu aliongeza kwenye CV programu ambayo sijawahi hata kuifungua. Nikaja kuijulia kwenye usaili, jopo linaniuliza niliitumia kwa miaka mingapi. Nikasema ukweli, wakatazamana. Kazi sikupata. Siku hizi naomba nakala ya kile walichotuma kabla sijaingia kwenye usaili wowote.

Mwanzisha mada
Hilo la nakala nalichukua. Yule wa pili aliyenifokea kanitumia ujumbe leo asubuhi, ana nafasi nyingine. Jina la kampuni kaliweka mstari wa kwanza kabisa.