Mnyama huzaliwa anamwogopa adui, au hufunzwa?

Wakuu, jana nimebishana na bamdogo mpaka chai ikapoa. Ana vifaranga wa wiki mbili waliototolewa kwa mashine, hawajawahi kuishi na kuku mkubwa. Mwewe alipopita juu, waliganda kidogo, kisha wakaendelea kudonoa. Ng'ambo ya uzio, tetea wa jirani alilia mara moja tu na wanawe wote wakawa chini ya mbawa. Bamdogo akasema: "Unaona? Hofu ni malezi." Nikamuuliza, mbona wa mashine waliganda? (Mwewe alirudi jioni. Wa mashine wamepungua mmoja.)

Mimi nasimama na tumbili wa Amboseli, Kenya. Mwaka 1980 watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walieleza walivyowasikilizisha tumbili, kwa spika, milio ambayo tumbili wenyewe hutoa kuonyana adui anapokuja. Mlio wa kuonya kuhusu chui, wanakimbilia mtini. Wa tai, wanatazama juu au kujitupa vichakani. Wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani. Watoto hukosea: hupiga mlio wa tai kwa njiwa, hata kwa jani linaloanguka. Lakini tazameni wanavyokosea! Cha angani hupewa mlio wa tai, ngiri hupewa wa chui. Mafungu hayo ya maadui wamezaliwa nayo. Kilichobaki ni kujua nani hasa anaua.

Mchangiaji: Mkuu, kwenye kuganda umeteleza. Watafiti wa tabia za wanyama, Lorenz na Tinbergen, miaka ya 1930 walipitisha umbo moja la kadibodi juu ya ndege: likienda huku linafanana na mwewe, likienda kule na bata bukini, na ndege wakaonekana kumwogopa mwewe tu. Watu wakashangilia silika. Mwaka 1961 mtafiti Schleidt akaonyesha kwamba bata mzinga huogopa umbo lolote wasilolizoea. Vifaranga wa bamdogo wangemgandia hata njiwa.

Nakubali, vifaranga nawaondoa kwenye ushahidi wangu. Ila nijibu hili. Kima wa rhesus waliolelewa maabara wengi hawakuogopa nyoka. Mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake wakawaonyesha video ya kima mwingine akimhofu nyoka, wakajifunza upesi. Kisha video ikahaririwa, ionekane yule kima anahofia maua. Hawakujifunza kitu. Kama hofu ni malezi matupu, ua limeshindwaje?

Bamdogo naye kesho anawaletea vifaranga wake tetea wa kuazima. Aliyewahi kuchanganya hivyo, waliitikia mlio wake siku ya kwanza, au ilichukua muda?