Naomba ushauri, mwenzangu chumbani hali yake inanitisha

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mie nasoma chuo hapa Unguja mwaka wa pili, nakaa na mwenzangu katokea Wete, Pemba, tumepanga huku Tunguu. Tangu matokeo ya semista yatoke ana sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, basi si yule tena, usiku halali namsikia tu anajigeuza kitandani, mchana kajifunika kanga gubigubi, juzi nimemuwekea urojo ukapoa mpaka ukafanya utando juu hata kijiko hajagusa. Mamake akipiga simu anajibu kwa kucheka kabisa "mie mzima mama", akikata tu analia. Roho inaniuma sana.

Nimemwambia twende Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, tukamuone daktari kakataa katakata, anasema akionekana pale ataitwa mwendawazimu na habari zitafika Pemba kabla yake. Wengine wanamwambia asali, na kusali anasali jamani, hakosi. Jana kaniambia "bora nisingekuwepo", hapo ndo nikaogopa nikakesha nae.

Sasa nimwambie mamake bila ya ridhaa yake? Na nimshawishi vipi akubali daktari? Nisaidieni, kumuacha peke yake naogopa hata kwenda darasani.