Usaili wa kazi ya Tehama Berlin, naombeni mnisaidie kujiandaa

Kutoka: Mdogo wenu, Pasua, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya kusimamia seva katika kampuni moja ya Berlin. Ni wa video, Alhamisi ijayo saa 14:00 za kwao. Nimepiga hesabu, kwetu ni saa tisa alasiri. Nina stashahada ya Tehama na miaka minne ya kazi hapa mjini. Tuliunganisha ofisi mbili kwa mtandao mmoja, tukahamishia mafaili ya watu wote kwenye seva, tukaweka na utaratibu wa nakala rudufu. Nasoma usiku mpaka macho yanauma, lakini sijui nikazanie wapi. Wengine wananiambia bila shahada nisijisumbue. Naombeni msaada wenu.

Kutoka: Dada, Njiro, Arusha

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Kuitwa tu ni hatua.

Nianze na saa, maana hapo umeshakosea. Jumapili hii ndiyo ya mwisho ya Oktoba, na Ujerumani wanarudisha saa zao nyuma. Leo tumewatangulia kwa saa moja, kuanzia Jumapili tutawatangulia kwa saa mbili. Usaili wako ni saa kumi jioni. Ungekaa saa nzima mbele ya kioo kitupu, ukadhani wamekutelekeza, ukazima na kuondoka. Na ukiwajibu kwa barua pepe andika 14:00 za kwao, yaani 16:00 za kwetu. Usiandike 10 kwa mazoea ya kusema saa kumi.

Umeme na intaneti unavijua mwenyewe: chaji kila kitu tangu asubuhi, weka bando kwenye laini ya mtandao mwingine, na omba mapema namba ya kuwapigia ikitokea umekatika. Hawatakuona vibaya. Kazi unayoomba ni ya kupangia mambo kuharibika.

Sasa lililonifanya niandike. Nimefanya kazi Leipzig, huko huko Ujerumani, miaka saba kabla ya kurudi nyumbani, lakini usaili wangu wa kwanza kabisa nilishindwa nikiwa sebuleni kwa mama, Soweto, Moshi. Waliniuliza: seva inalalamika diski imejaa, amri ya df inaonyesha asilimia mia, lakini ukijumlisha mafaili kwa du unakuta hata nusu hayafiki. Tatizo ni nini? Nikanyamaza. Nikawaza dakika nzima, pengine mbili, macho chini. Halafu nikajibu: kuna faili kubwa la kumbukumbu limefutwa, lakini programu iliyokuwa ikiliandika bado imelishikilia, kwa hiyo nafasi hairudi mpaka programu hiyo ianzishwe upya. Jibu lilikuwa sahihi. Walinikataa, wakaniandikia kwamba hawakuweza kuona ninavyofikiri.

Iliniuma sana, maana nilikuwa nimefanya kama nilivyolelewa. Darasani kwetu unanyoosha mkono ukiwa na jibu, na mbele ya wakubwa huropoki. Kwao ule ukimya wangu ulikuwa kama kutojua. Walichotaka ni kunisikia njiani: ningeangalia df kwanza, kisha du, namba hazilingani, kwa hiyo kuna kitu kinakula nafasi bila kuonekana, ngoja niangalie kwa lsof kama kuna faili lililofutwa ambalo bado liko wazi. Hata ungeishia hapo bila kumaliza, wameshajua ukiachiwa seva usiku utafanya nini.

Kusema huku unawaza hakufundishwi na kitabu. Mimi nilifundishwa na mama. Usaili wa pili ulipokaribia nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, nikamwomba anisikilize nikimweleza DNS, yaani utaratibu wa kompyuta kupata anwani ya tovuti kwa kutumia jina lake. Nikamwambia: mama, chukulia mgeni katoka Arusha anatafuta nyumba ya mtu Kibosho. Anauliza stendi. Wa stendi haijui nyumba, ila anajua gari za Kibosho zinapandiwa wapi. Akifika Kibosho, wanamwelekeza kwa mjumbe. Mjumbe ndiye anayeijua nyumba. Kompyuta nayo ndivyo inavyotafutiwa tovuti: seva ya mzizi haina jibu, inataja tu anayeshughulika na majina ya mwisho kama .tz, huyo naye anataja seva yenye rekodi ya jina lenyewe, na hapo ndipo anwani inapatikana.

Mama hakuinua macho kwenye ungo. Akauliza, “Na kesho akija tena, aanze stendi upya?” Nikamwambia hapana, anakumbuka, jibu linahifadhiwa kwa muda. Akauliza, “Na yule mwenye nyumba akihama?” Hapo nikakwama. Ilinibidi nimweleze kwamba kila jibu linakuja na muda wake wa kuaminiwa, na kabla muda huo haujaisha mgeni anaweza kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mtu ameshahama. Wiki iliyofuata wasaili waliniuliza maswali hayo hayo mawili, kwa maneno yao. Nilijibu bila kutetereka.

Kwa hiyo punguza kusoma usiku. Tafuta mtu asiyejua kompyuta lakini asiyependa kudanganywa, umweleze kwa sauti. Mtandao usiofunguka, ukianzia kwenye waya mpaka kwenye jina. Tofauti ya TCP na UDP, zile kanuni mbili za kusafirisha data mtandaoni. Kwa nini nakala rudufu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha si nakala ya kutegemea. Ukishamweleza kwa Kiswahili akaelewa, rudia kwa Kiingereza.

Jingine, na hili lisome polepole. Umeandika tuliunganisha, tukahamishia, tukaweka. Najua, kujisifu kwetu ni aibu. Ila msaili hamwajiri “sisi”. Nani alichora ule mtandao? Nani aliamua mafaili yahamishwe lini? Kama ni wewe, sema nili-, kisha wataje na wenzako kwa sehemu zao. Huo ni ukweli, wala haumnyang'anyi mtu.

Kutoka: Kaka, Hamburg

Dada kamaliza, mimi naongezea la shahada. Mdogo wangu, waliokuambia usijisumbue wanasema ya zamani. Tangu Novemba 2023, mtu wa Tehama asiye na shahada anaweza kupata Blue Card ya Ujerumani, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, akiwa na uzoefu wa angalau miaka mitatu ndani ya miaka saba iliyopita, wa kiwango cha kulingana na aliyesoma chuo kikuu, na mshahara ufike kima kilichowekwa. Kima hicho hubadilika kila mwaka, kitazame kwenye tovuti ya serikali yao. Mwombe mwajiri wako barua inayotaja kazi ulizofanya moja moja, na tarehe. Ile ya “alikuwa mfanyakazi mwaminifu” haitakufikisha popote.

Wakikuuliza mshahara, taja wa mwaka mzima kabla ya makato. Sisi tumezoea kuhesabu kinachobaki mkononi kwa mwezi. Ukitaja hicho umejipunja. Kwa asiye na familia, kodi na bima huku zinaweza kula theluthi na zaidi.

Kutoka: Mdogo wenu, Pasua

Asanteni sana, Mungu awabariki. Barua nimeshaiomba leo.

Jana usiku nimejaribu kwa shemeji, ni dereva wa hiace. Nikamweleza ile kazi ya ofisi mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, “Sasa hapo wewe ulifanya nini?” Nilikaa kimya, dada, kama ulivyosema. Nimeandika upya: “Nilichora mtandao wa ofisi mbili, nikagawa anwani, nikaweka ruta zote mbili mwenyewe. Mwenzangu alivuta waya.”

Kutoka: Dada, Njiro

Iache hivyo hivyo. Jumatano nakupigia saa mbili usiku, za kwetu. Na shemeji awepo.