Wapigapicha wa wachumba na ndoa ndogo ndogo tupeane uzoefu, kazi gani ilikufundisha?

Jicho la Pwani

Habari za jioni wakuu. Nipo Dar, huu mwaka wa 7 nashika kamera, nlianzia kwenye harusi za ukumbini zile za watu 400 na emsii na keki ya ngazi, ila miaka hii miwili kazi nyingi zinazonijia ni za wachumba kabla ya ndoa na ndoa za watu 12 au 15, ndugu wa karibu tu, wakitoka hapo wanaenda kula pilau nyumbani basi. Watu wanadhani hii ndo kazi nyepesi. Mi naiona ndo nzito, maana ukumbini ukikosa picha moja zipo nyingine 900 za kuziba pengo, ila pale sebuleni ukikosa uso wa mama mzazi umeikosa harusi yenyewe.

Naanza na yangu. Kuna wachumba walinifuata na picha kwenye simu, jua linazama baharini wao mbele yake wamekumbatiana. Nikasema poa, tukaenda Kigamboni saa 11 jioni. Jua likaanza kushuka nyuma yetu kweny minazi, bahari mbele ishakua ya kijivu, dada wa watu ananiuliza kaka mbona jua liko huku? Nlikua nimeishi mji huu miaka yote sijawahi kufikiria kwamba bahari yetu iko mashariki, jua letu la baharini ni la asubuhi. Niliumia sana maana gauni lilikua la kukodi.

Nikawaomba warudi alfajiri ya Jumapili, bure, nauli yao nikalipa mimi. Saa 12 kasoro wakaja na chupa ya chai ya tangawizi, upepo mkali, dada kajitanda kanga juu ya gauni. Jamaa akamimina chai kwenye kifuniko cha ile chupa, akaipuliza kwanza, ndo akampa. Nikabonyeza. Zile za kumbebana na kuzungushana nilipiga pia, jua likiwa zuri kabisa, ila iliyotundikwa sebuleni kwao ni hiyo ya chai.

Leteni zenu.

Bi Lenzi

Mie niko Unguja, huku mjini jua lazama baharini kweli, Forodhani wachumba wapo kila jioni. Lakini angalieni maji! Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa mida ya saa 10 saa 11 jioni, ndo huohuo wakati unaoutaka wewe, ule mchanga uliouona asubuhi haupo tena. Mie kabla sijampa mtu tarehe naangalia mwezi kwanza. Na wengi wetu Magharibi ikiadhiniwa kazi imekwisha, watu wanakwenda kuswali, kwa hiyo usiache picha kubwa iwe ya mwisho.

Lakini nlotaka kuhadithia ni nikaha moja. Akidi ya ndoa msikitini baada ya Alasiri, kule yuko mpigapicha mwanamme, mie niko chumbani na bibi harusi. Wengi wanaona chumbani hakuna kitu, bwana na sheikh na mashahidi wote wako kule. Basi hala yake, ndugu wa mama yake, akapiga simu msikitini, akaiweka juu ya mto, sauti kubwa. Hutuba ikasomwa, chumba kizima kimya, udi unafuka. Ikaja sauti ya bwana harusi, nimekubali kumuoa, na ilikua imekauka kidogo. Yule bibi harusi hakulia wala hakusema kitu, aliikamata leso ya hala yake kwa vidole vitano, piko, ile rangi ya kujipamba mikononi, bado nyeusi tititi, akaikunja, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama tende. Nimepiga mikono tu.

Picha za uso za ndani huko mie sibaki nazo. Kadi namkabidhi yeye mwenyewe mkononi siku ileile, na simwekei mtu mitandaoni hata kama nimeipenda vipi. Ndo maana naitwa tena.

Mkaazi wa Moshi

Bi Lenzi umeniliza aisee.

Yangu ni ya bomani. Wale wanaofunga ndoa ya kiserikali mnajua, tangazo siku 21 halafu siku yenyewe dakika 20 mmemaliza. Chumba kidogo, taa za mrija zinafanya watu wawe kijani, feni inazunguka. Pete ikagoma kupita kwenye kifundo cha bwana harusi. Anasukuma, haipiti, vidole vimevimba kwa joto, bi harusi anatetemeka na ndugu wa mume wameanza kuangaliana maana wapo wanaoona hiyo ni dalili mbaya. Karani akainuka kimya kimya akaleta kipande cha sabuni ya mche na maji kwenye kikombe. Bi harusi akamuosha yule kaka kidole pale pale mezani, taratibu, pete ikapita, baba mkwe akapiga makofi peke yake.

Sasa mimi nilipoona pete imekwama nlishusha kamera kwa heshima, nikijua ni aibu yao. Nlichokipata ni baba mkwe anapiga makofi, kile cha kuoshana kidole sina. Waliniuliza baada ya wiki, ile ya sabuni ulipiga? Siku hizi naongea na watu mapema kabisa, nawauliza kikitokea kitu nipige au nisipige, wananijibu wenyewe.

Mgeni Kazini

Naombeni msaada hapo hapo, nikipiga bi harusi mwenye shela jeupe uso wake unakua mweusi sana hauonekani, tatizo lenzi?

Jicho la Pwani

Sio lenzi mkuu. Kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na anaeumia ni uso. Pima mwanga kwenye uso wake sio kwenye gauni, ongeza kidogo, gauni likipotea uzi mmoja mmoja sio mbaya kuliko uso kupotea. Na usije ukamng'arisha kwenye kompyuta mpaka awe rangi ambayo sio yake, hilo tunawakosea dada zetu sana, mtu anapewa albamu bibi yake hamtambui.

Msafiri 254

Mimi niko Nairobi. Nilipiga wachumba msitu wa Karura, masaa matatu, wamebadilisha nguo mara nne, kufika nyumbani memori kadi haisomi kabisa. Nilikaa nayo usiku mzima kwa kompyuta nikaokoa picha 61. Asubuhi niliwapigia simu kabla hawajaniuliza, nikarudisha pesa yote. Tangu siku hiyo sipigi na kamera ya nafasi moja ya kadi, na sifuti kitu mpaka wameshika picha zao. Sina la ziada.

Mama wa Watatu

Mimi sio mpigapicha, ni niliepigwa. Niliolewa mara ya pili nikiwa na miaka 46, marehemu mume wangu aliniacha na watoto watatu, ndoa kanisani Jumamosi asubuhi watu 14 tu. Mwanangu wa miaka 13 alisema anakuja ila picha hapigwi. Mimi nilishaanza kumgombeza nje ya kanisa.

Yule kijana wa kamera hakumbembeleza. Alimpa ile sahani kubwa ya kurudisha mwanga akamwambia nashindwa peke yangu, nishikie, uso wa mama yako uko kwenye kivuli. Basi mtoto akashika, mkono ukimuuma anabadilisha, kila nikigeuka ananifuata na ule mwanga. Karibu nusu saa. Mwisho akaiweka chini kwenye nyasi akaja kusimama upande wangu wa kushoto, hakuna aliemwita.

Kwenye hiyo picha anaonekana amekunja uso kidogo. Niliambiwa kuna nyingine anayocheka nikakataa, nikachukua hiyo.

Jicho la Pwani

Asante sana mama. Jumamosi nina ndoa Kibaha, bwana harusi anakuja na binti yake wa miaka 11 na ameshaniambia binti hana raha. Sahani ninayo, naibeba.