Tupeane uzoefu: unailindaje tovuti yako, na makala zako zisiibwe?

Mwanzisha uzi
Wakuu, wenye tovuti tukutane hapa. Tuweke hatua kamili, maana "tumia nenosiri gumu" kila mtu ameshaisikia. Naanza na bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti.

Bakapu inayokaa kwenye seva ileile ya tovuti si bakapu. Mdukuzi akifuta, anafuta zote. Kanuni ni 3-2-1: nakala 3, vyombo vya aina 2, 1 ikae mbali. Kwa WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) chukua folda ya wp-content, faili la mipangilio la wp-config.php na databesi (hifadhi ya data). Wengi hupakua faili wakasahau databesi, na makala zote zimo humo. Unabaki na picha bila maneno. Tunza za siku 30 hivi, kwa sababu virusi vinaweza kulala wiki kadhaa kimya na bakapu ya jana ikawa imeshavibeba. Kisha irudishe kwenye subdomeni ya majaribio (mfano jaribio.tovutiyako.com) uone kama inafunguka. Faili la databesi la KB 0, yaani tupu, hugundulika siku ya msiba.

Kitasa
Naongezea hapo: bakapu isiachwe ndani ya public_html, folda ambayo yeyote mtandaoni anaweza kuifikia. Roboti zinapita kutwa kucha zikibahatisha backup.zip, .env (faili la mipangilio lenye nywila) na folda ya .git (historia ya msimbo). Jipime: andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, malizia na /.env, halafu rudia kwa /.git/config. Ikija 403 (umekatazwa) au 404 (haipo), sawa. Yakija maandishi, ondoa faili kwanza, ndipo ubadilishe nywila zote zilizokuwemo. Ukianza na nywila, mpya nayo inasomwa; ukiishia kufuta, ya zamani bado wanayo.

Ruhusa za faili (namba za nani anaweza kusoma na kuandika): folda 755, faili 644, wp-config.php 600 au 640. Picha zikigoma kupanda, watu hukimbilia 777, inayomruhusu kila mtu kuandika. Mara nyingi tatizo ni mmiliki wa folda, rekebisha kwa chown, amri ya kubadili mmiliki. Na ndani ya uploads (folda ya picha zinazopandishwa) weka .htaccess, faili la maagizo kwa seva, yenye mistari hii:

<Files "*.php">
Require all denied
</Files>

Hapo mtu akifanikiwa kupandisha faili la PHP kwa jina la picha.php, haliwezi kufanya kazi. Hiyo ni ya programu ya seva ya Apache; nyingine, Nginx, haisomi .htaccess kabisa, kule unaandika kwenye usanidi wa seva.

Swali
Je, kubadili anwani ya ukurasa wa kuingilia kunasaidia?

Kitasa
Kunapunguza kelele tu. xmlrpc.php (faili la WordPress la kuunganishwa na programu za nje) ikiwa wazi, nywila zinajaribiwa kupitia huko. Ifunge kama huitumii, uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Mpekuzi
Tusisahau themu (mwonekano wa tovuti) na plagini (programu za nyongeza) za kulipia zinazogawiwa bure. Nyingi zina mlango wa nyuma. Ukishaingiliwa, kufuta faili moja baya hakutoshi: kagua orodha ya maadmini, kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), kisha badilisha "salts" (funguo za siri za kuingia) kwenye wp-config.php ili kila aliyeingia atolewe. Tafuta pia Google kwa site: ikifuatwa na domeni yako. Kurasa za kamari au dawa huonyeshwa roboti za utafutaji peke yake. Mwenye tovuti akifungua haoni kitu.

Kalamu
Upande wa makala: kuzuia kubofya kulia ni kuwasumbua wasomaji wako. Mwizi anabonyeza Ctrl+U, anaona msimbo wa ukurasa, basi. robots.txt, faili la kuziambia roboti zisipite wapi, nayo ni ombi, na ukiorodhesha humo folda za siri umewachorea ramani.

Kinachofaa: RSS (mlisho wa makala mpya) itoe muhtasari badala ya makala nzima, viungo vya ndani viwe na anwani kamili (roboti ya wizi ikinakili, inakutangaza), na siku ya kuchapisha hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine (kumbukumbu ya kurasa za mtandao) uwe na ushahidi wa tarehe. Makala ikiibwa, tafuta kwa whois (huduma ya kuulizia wamiliki wa domeni na anwani za IP) nani anahosti tovuti hiyo, yaani seva yake ni ya nani. Akiwa Marekani, mtumie notisi ya DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki ya 1998: anwani ya makala yako, anwani ya nakala, mawasiliano yako, tamko la nia njema, tamko kwamba maelezo ni sahihi na una haki ya kudai, saini. Kikikosekana kimoja, wana sababu ya kuiweka kando.

Mpekuzi
Na domeni: washa loki ya uhamisho na malipo ya kujirudia. Barua pepe ya akaunti ya domeni isiwe ya domeni hiyohiyo, maana ikipotea, hata kiungo cha kurudisha nenosiri hukipati.