Wafanyabiashara wadogo Dodoma: hawaijui dijitali au haiwalipi?

Wakuu, kuna kauli inarudiwa kila mara kwamba wafanyabiashara wadogo na wa kati hawako tayari kwa teknolojia ya kidijitali kwa sababu hawana elimu, kwa hiyo dawa ni semina. Mimi napinga.

Pita Soko la Majengo jioni. Muuza nyanya kabandika Lipa Namba, yaani namba ya kupokea malipo kwa simu, kwenye ubao wa meza, mzigo wa kesho kauagiza WhatsApp kwa ujumbe wa sauti. Ukimwambia "nimeshalipia", hakupi mfuko. Anasubiri meseji iingie kwenye simu yake mwenyewe, maana meseji feki zimeliza wengi. Mtandao ukisumbua mnabaki mmesimama wote, na wateja nyuma yako wanahamia meza ya jirani. Huyu semina ya simu itamwongezea nini?

Kinachomkwamisha kiko mbele zaidi. Hela ikiingia kwenye namba haikai, kwa sababu anakochukua mzigo wanataka taslimu. Ndivyo ilivyo hata kwenye nafaka pale Kibaigwa: mkulima kashusha mahindi kutoka Kiteto, vibarua na mwenye gari wanamsubiri, anataka noti mkononi. Basi mfanyabiashara anakwenda kwa wakala, anakatwa, na makato hayo yanamega faida ambayo tangu mwanzo ni ndogo. Halafu watu hawajasahau Julai 2021, tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza kwa shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Ilipunguzwa baadaye, ila imani haikurudi yote.

Na kodi tuiseme wazi. Mfanyabiashara mdogo asiye na hesabu zilizokaguliwa anatozwa kwa mauzo, si kwa faida. Ni kweli sheria inampa nafuu anayetunza kumbukumbu, lakini muuza jumla mwenye mauzo makubwa na faida ya shilingi chache kwa kila kilo ana haki ya kuogopa kila shilingi inayopita kwenye namba, maana inaacha kumbukumbu ya mauzo.

Kwa wasindikaji wa alizeti na zabibu nakubali, huko ujuzi wa programu za stoo na hesabu bado unahitajika, na mafunzo yaende huko.

Sasa ninyi mnaosema tatizo ni elimu, nijibuni: makato ya kutoa hela yakiondolewa kwa wenye Lipa Namba, na kodi ikahesabiwa kwa faida, ni nani pale Majengo atakayebaki na taslimu tu?