Naomba ushauri: nitaitambuaje "Malaika" aliyoizoea mzee?

Habari zenu wapendwa. Nimekwama, naomba mnisaidie. Mzee wangu anatimiza miaka 80 mwezi ujao na ameomba kitu kimoja tu: "Malaika" ya Fadhili William, ile aliyoisikia redioni ujanani. Ya Miriam Makeba, ya Boney M, ya Angélique Kidjo, zote nimemchezea. Anatikisa kichwa.

Shida ni kwamba Fadhili mwenyewe aliirekodi zaidi ya mara moja. Mtandaoni kila mtu ameandika "ya asili" na kubandika picha ileile. Moja inakwenda polepole, nyingine ina mwangwi kana kwamba imeimbiwa kisimani. Mwaka hawaandiki, bendi hawaitaji. Nimezunguka Kenyatta Market kwa wauza santuri (nyama choma nilipata, santuri sikupata). Jamaa mmoja mjini akaniuzia "yenyewe kabisa" kwenye flashi, shilingi 500. Kufika nyumbani, ni bendi ya hoteli!

Mwenye santuri ya Equator Sound (studio ya Nairobi alikorekodia Fadhili), tafadhali: lebo yake imeandikwa nini hasa, ili nijue ninachotafuta? Na hapa Nairobi nani anaweza kuhamishia santuri kwenye kompyuta bila kuikwaruza?